Yai Halina Macho

Kila fundi na chombo chake. Seremala ana randa, mshonaji ana futi shingoni, na mpiga picha tunayemzungumzia hapa alikuwa na yai. Yai la kuku, lililochemshwa alfajiri likakauka, likafungwa kwenye leso pamoja na chumvi kidogo ndani ya kikaratasi. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Yai, naye aliitika bila kinyongo, kwani jina la utani ni kama kiatu cha mtumba: likikukaa vizuri, huulizi lilitoka mguu gani.

Asiyemjua alikuwa na haki ya kushangaa. Angemwona mwanamke wa miaka arobaini na mitano, kamera imening'inia kifuani, amesimama kwenye kona ya jengo huku ameinua mkono, yai limeshikwa kwa vidole vitatu usawa wa uso wa mtu mzima. Anageuka polepole. Anasogea hatua mbili, anageuka tena, jicho moja amelifinya, mfano wa kuku mwenye adabu anayetafuta pa kutagia.

"Mama Yai, usilikazie macho sana, litaanguliwa!" muuza magazeti alikuwa akimpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara.

"Likianguliwa nitakuletea kifaranga umlee," naye humjibu bila kugeuka. "Angalau upate mmoja wa kukusikiliza."

Desturi ile ya yai alirithishwa na mjomba wake, aliyekuwa na chumba cha picha kabla yake, chumba kile kile cha nyuma ya duka la vioo ambacho yeye anakitumia mpaka leo. Alipoingia humo akiwa binti wa miaka kumi na tisa, kwa mwezi mzima mjomba hakumruhusu kugusa kamera. Alimpa yai. "Nenda mjini," alimwambia, "ulitembeze. Ukirudi uniambie lilipenda wapi."

Akaenda, akalitembeza. Akaona kwamba katikati ya uwanja, jua likiwa la saa sita, yai huwa nusu chaki na nusu mkaa. Chini ya mti wenye majani machache, linapata madoadoa kama yai la kanga. Lakini ukingoni mwa paa pana, mahali ambapo kivuli kimekukinga kichwa na anga iko wazi mbele yako, yai linaviringika lenyewe; mwanga unalizunguka taratibu, unafifia upande wa pili, na huwezi kuonyesha kwa kidole ulipoishia. "Hapo," mjomba alisema, "ndipo pa kuweka kiti. Uso wa mtu ni yai lenye maringo. Panapolipenda yai, patampenda na mtu."

Kwa miaka ishirini na sita Mama Yai aliishika kauli hiyo. Mji wote aliujua kwa mwanga, wala si kwa majina ya mitaa. Ngazi za posta, saa mbili asubuhi mpaka saa tatu na robo, basi. Kibaraza cha duka la vitambaa, jioni, ila si siku waliyotundika kitambaa chekundu mlangoni, maana uso utaona haya bila sababu. Chini ya paa la kituo cha mafuta, siku ya mawingu. Na kazi ikiisha alilimenya yai, akalila kwa ile chumvi yake, akisema kwamba seremala na ubingwa wake wote hajawahi kutafuna randa.

Sasa, hospitali ya mji ilijenga jengo jipya, na kwenye ukumbi wake mrefu ikaamuliwa zitundikwe picha kubwa za watumishi kumi na wawili waliofanya kazi muda mrefu kuliko wote. Kazi akapewa Mama Yai. Picha kumi na moja zilitoka safi: muuguzi, mpishi, bawabu, mtunza dawa, kila mmoja na uso wake. Ya kumi na mbili ndiyo iliyokwama.

Ilikuwa ya mwanamke mstaafu aliyesimamia chumba cha kufulia miaka thelathini na moja. Hospitalini walimwita Dobi Mkuu. Nyumbani wajukuu walimwita Bibi Usingizi, kwa sababu hapakuwa na picha hata moja duniani iliyomwonyesha akiwa macho. Siku ya harusi yake, kalala. Siku binti yake alipohitimu, kalala wima huku ameshika maua. Alipopigwa picha ya kitambulisho, karani alirudia mara saba. Ya nane karani naye akafumba macho, akaipitisha. Mama Yai mwenyewe alimpiga picha ndani ya chumba chake. Taa ya kamera ikamulika, pwaa, na kope zikashuka kama mlango wa duka siku ya mvua.

Jumatano asubuhi Dobi Mkuu aliingia mle chumbani akifuatana na binti yake, ambaye ni karani wa mapokezi pale pale hospitalini.

"Shikamoo, Bibi," Mama Yai aliwahi.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia picha zinatundikwa Ijumaa."

"Ijumaa, saa nne."

"Na wamesema kama hakuna nyingine watatundika hiyo hiyo ya kufumba macho." Alikaa, akaweka mkoba mapajani. "Sasa tufikirie pamoja. Mgonjwa anaingia na homa yake. Anainua uso, anakuta ukutani mama mzee kafumba macho. Atasema nini?"

"Atasema amepumzika," binti alijibu.

"Si ndiyo hayo hayo! Atageuka akafie kwao."

Walicheka wote watatu. Dobi Mkuu ndiye aliyeacha kwanza. Alitazama mikono yake, ngozi ya vidole imekunjamana kwa maji ya miaka mingi, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nimekaa nyuma ya jengo maisha yangu yote. Mtu analala kwenye shuka, anapona, anakwenda kwao, hajui nani kalifua. Sikulalamika. Lakini wakinileta mbele mara moja tu, mwanangu, nitokee nimelala?"

Mama Yai alifungua droo, akatoa leso. "Kesho tutapiga nje," alisema. "Saa tatu. Nitalitembeza yai kuanzia sasa."

Alhamisi saa tatu walikutana kwenye bustani ya maua yenye chemchemi, kwa sababu binti wa Dobi Mkuu hakutaka kusikia mahali pengine. Yeye ndiye aliyemvalisha mama yake: gauni la rangi ya dhahabu, lililochaguliwa kwa makusudi lifanane na maua ya bustani ile.

"Dada, si ndipo panapopigwa picha za watu wote?" binti aliuliza. "Maharusi wote huja hapa."

"Maharusi hawaangaliwi uso," Mama Yai alisema, "huangaliwa nguo." Akainua yai kando ya chemchemi. Madoadoa matupu. Jani likitikisika, doa linahama. "Tazama mwenyewe. Hapa mama yako atatoka ana ndui."

Binti alilitazama yai, akamtazama mama yake, akasonya kidogo, akakubali.

Mama Yai aliwapeleka mahali alipopachagua jana yake baada ya kuzunguka mpaka visigino vikawaka moto: chini ya tao la mlango wa pembeni wa benki. Juu palifunikwa. Mbele, ng'ambo ya kichochoro, ulikuwepo ukuta mrefu uliopakwa chokaa mpya, na jua la asubuhi liliupiga ukuta ule likarudi chini ya tao likiwa laini. Aliinua yai. Yai likakaa kama mwezi wa siku ya kumi na nne. Hata binti aliguna.

"Kaa hapa, Bibi. Nitazame mimi."

Akapiga. Kafumba. Akapiga tena. Kafumba. Akaacha kuhesabu moja-mbili-tatu, akavizia, akapiga ghafla. Kafumba.

"Bibi, fumbua macho tu."

"Nimefumbua."

"Hujafumbua."

"Mimi ndiye niliye humu ndani, mwanangu. Ningejua."

"Mama, yatoe macho!" binti alisaidia. "Kama unamwona mwizi!"

Dobi Mkuu aliyatoa macho. Yakatoka kwa nguvu, yakajaa maji, yakajifunga. Picha ya kumi na tisa ilikuwa ya mama mzee anayelia usingizini. Alichukua ncha ya kitambaa chake akajifuta, na alipozungumza utani ulikuwa umemtoka.

"Basi. Acheni. Pengine mimi nimeandikiwa kuonekana nikiwa nimelala. Watundike hiyo waliyo nayo."

"Ngoja," Mama Yai alisema, lakini moyoni alikuwa amekasirika, na aliyemkasirikia alikuwa mama huyu na kope zake. Mahali palikuwa pazuri! Alilichukua yai akaliinua tena, ushahidi mkononi. Alilitazama yai, akamtazama Dobi Mkuu anayejifuta. Akarudi kwa yai. Limekaa raha mustarehe, halina habari. Halikupepesa hata mara moja.

Lipepese na nini?

Mkono wake ulishuka pole pole. "Bibi," alisema, "hebu niazime hicho kiti."

Dobi Mkuu akanyanyuka, Mama Yai akakaa. Ukuta wa chokaa ulimpiga usoni kama beseni la maji. Jua lote la kichochoro lilikuwa pale, mbele yake, limenyooka. Alijikaza, akahesabu moja, mbili; kabla ya tatu kope zilikuwa zimeshafunga duka.

Alikaa vile vile, amefumba, na watu wakaanza kumpitia kichwani mmoja mmoja. Bwana harusi ambaye yeye alimgombeza kwa kufumba macho kwenye ngazi za posta. Mwalimu wa hesabu ambaye yeye alimwambia, "Mzee, jitahidi." Mtoto aliyelia mpaka wazazi wakaondoka naye. Miaka ishirini na sita ameyauliza mayai, hata siku moja hakukaa kwenye kiti.

"Nisamehe, Bibi," alisema aliponyanyuka. "Nimekuketisha ulitazame jua, tena lililopakwa chokaa."

"Si lilikuwa zuri kwa yai?"

"Yai halina macho."

Dobi Mkuu alimkodolea. Kisha tumbo likaanza kutikisika chini ya lile gauni la dhahabu. "Nawe umelijua leo?" alisema, akacheka mpaka akashika nguzo ya benki, na binti akacheka, na Mama Yai naye, ingawa mashavu yalikuwa yakimwaka.

Kicheko kilipotulia, aliuliza swali ambalo mjomba hakumfundisha. "Bibi, ni wapi macho yako hupumzika?"

"Hupumzika vipi?"

"Mahali ukisimama nje, mchana kweupe, wala hukumbuki kwamba una macho."

Mama mzee alifikiri. Hakufikiri sana. "Kwenye kamba," alisema. "Uani, nyuma ya chumba cha kufulia. Katikati ya mashuka."

"Mama!" binti alishika kiuno. "Nimekuvika dhahabu nikupeleke kwenye kamba za kuanikia?"

"Kuna nguo gani isiyofika kwenye kamba, mwanangu? Twende."

Ua ule ulikuwa wa sakafu ya saruji, umezungukwa na jengo pande tatu. Kamba sita zilivutwa kutoka ukuta hadi ukuta, na mashuka yalining'inia yakigusana mabega, yanapumua kwa upepo mdogo. Palinukia sabuni na pamba iliyopata joto. Dobi aliyemrithi Dobi Mkuu, mwanamume mnene mwenye aproni ya mpira, alitoa kichwa kati ya mashuka mawili.

"Dobi Mkuu! Umekuja kufuliwa?"

"Nimekuja kukukagua. Endelea na kazi, jifanye hunioni."

"Hilo sijawahi kuliweza," alisema, akatoweka nyuma ya shuka.

Mama Yai aliokota kreti la plastiki, akalipindua chini juu, na badala ya kuinua yai akakaa mwenyewe. Alitazama upande wa geti: mwanga ulimkata. Akahamisha kreti, akakaa. Akalihamisha tena. Binti alianza kutazama saa. Mara ya nne alikaa kwenye njia nyembamba kati ya kamba ya tatu na ya nne, akageukia mlango wa chumba cha kufulia. Ulikuwa wazi, na ndani giza limepoa kama maji ya mtungi. Kushoto kwake jua lilichujwa na shuka, likamfikia likiwa limeshafuliwa makali yote. Kulia shuka jingine lililipokea na kulirudisha kidogo. Na mbele, lile giza. Macho yake yalilitazama yakasahau kwamba yanatazama.

Ndipo alipotoa yai, kwa adabu, kama mtu anayemwuliza mzee jambo lililokwisha kuamuliwa. Yai likaviringika. Likakubali.

"Bibi, karibu."

Mama Yai aliingia mlangoni, akasimama ndani ya giza na kamera yake. Dobi Mkuu alikaa kwenye kreti, akanyoosha gauni. Macho yalikuwa wazi. Wazi kabisa, makubwa, ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Binti yake aliyemjua miaka arobaini alisogea karibu ayatazame. Lakini shingo ilikuwa imekakamaa na midomo imebanwa, kwa sababu mtu aliyetokea vibaya maisha yake yote hujiandaa kwa kipigo.

Mama Yai hakusema "tabasamu." Hakuhesabu. Alingoja. Upepo ukapita, shuka la kushoto likajikunja pembe, na macho ya Dobi Mkuu yakaifuata ile pembe yenyewe, kwa mazoea ya miaka thelathini na moja. Nyusi moja ikapanda.

"Nani kafua hili?"

Kamera ikalia.

"Mimi, Dobi Mkuu," sauti ilitoka nyuma ya shuka. "Kuna nini?"

"Kuna doa."

"Hilo la dawa ya kidonda. Hilo halitoki, lina ubishi."

"Doa halina ubishi. Mwenye ubishi ni anayefua. Ulililoweka?"

Shuka likatikisika kidogo.

"Ulililoweka, nakuuliza, au ulilitisha tu?"

"Nililitisha," sauti ilikiri, na Dobi Mkuu akaangua kicheko, kichwa amekiinua, macho hayajafumba. Kamera ikalia tena, na tena.

Mama Yai alitoka gizani, akapiga goti kando ya kreti na kumwonyesha kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera, huku amekikinga kwa kiganja. Dobi Mkuu alikishika kwa mikono miwili. Aliangalia kwa muda mrefu kuliko watu wanavyojiangalia.

"Haya macho," alisema hatimaye, "ni ya mama yangu."

Binti aliinama, naye akachungulia kioo.

"Yeye hakupigwa picha hata moja. Nikawa nikifumba usiku kumtafuta, uso siupati, napata kanga zake tu na sauti." Akagusa kioo kwa ncha ya kidole. "Kumbe nilikuwa naye hapa muda wote. Nimemfungia mlango."

Binti yake alikaa chini kwenye saruji, na viatu vyake vizuri, akamwegemea mama yake begani. Dobi mnene alitoka nyuma ya shuka na ndoo, akaona, akarudi kinyumenyume na ndoo yake.

Baadaye kidogo Dobi Mkuu alipuliza pua na kurudisha kamera kwa mwenyewe. "Sasa hilo yai," aliuliza, "lina kazi tena?"

"Leo halina, Bibi."

"Basi lilete. Asubuhi sikula, nilikuwa naogopa kufumba macho."

Akalimenya kwa vidole vile vya maji, ganda likatoka kipande kimoja. Wakaligawana watatu kwa chumvi ya kwenye kikaratasi.

Ijumaa saa nne picha kumi na mbili zilitundikwa. Mama na binti walikuwa wamebishana usiku kucha kwa simu ni ipi itumike. Binti alitaka ya kicheko, mama alitaka ya nyusi. Akashinda mama. Kwa hiyo ukiingia kwenye ukumbi ule leo utaona wenzake kumi na mmoja wanatabasamu vizuri, halafu mwishoni, karibu na ngazi, utakutana na mwanamke wa gauni la dhahabu kati ya mashuka meupe, nyusi moja juu, macho wazi. Wauguzi wanasema wakipita pale mikono hujikuta inanyoosha kola.

Asubuhi ile familia ilikuja yote. Mama Yai alisimama pembeni na kiti kidogo cha kukunja kwapani, alichokinunua jioni ya Alhamisi, na leso yake mfukoni kama kawaida. Mjukuu mdogo kuliko wote, wa miaka minne, alipenya katikati ya miguu ya wakubwa mpaka chini ya picha. Akainua uso. Akarudi nyuma hatua moja.

"Bibi kaamka!" alipiga kelele, ukumbi mzima ukageuka.

"Nimeamka, ndiyo," Dobi Mkuu alisema nyuma yake. "Na hilo doa kifuani kwako ni la nini?"

Mtoto alilifunika upesi kwa mikono miwili, akamtazama bibi aliyesimama, akamtazama bibi wa ukutani, hakujua amjibu yupi kwanza.